Programu Zinazosoma Picha za Kifua

Programu ya akili mnemba inayosoma picha za kifua hupokea picha ya eksirei, huipitia kwa sekunde chache, kisha hutoa namba. Kwa programu nyingi namba hiyo huanzia 0 na kuishia 100, na huonyesha picha iliyoletwa inafanana kwa kiasi gani na picha za watu waliothibitika kuwa na ugonjwa unaotafutwa. Pamoja na namba hutoka nakala ya picha iliyopakwa rangi, rangi ikikolea pale programu ilipoona kasoro. Kazi yake huishia hapo. Huonyesha nani apimwe zaidi. Kutaja ugonjwa na kuamua dawa hubaki kwa maabara na kwa daktari. Magazeti hulipita jambo hili haraka, ndiyo maana kila baada ya miezi michache husomwa kwamba kompyuta imewashinda madaktari.

Ugonjwa uliozipa programu hizi kazi kubwa kuliko yote ni kifua kikuu. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwa mara ya kwanza kwamba zinaweza kutumika badala ya msomaji wa kibinadamu katika kuwachuja watu wa miaka 15 na kuendelea. Programu zilizopimwa kabla ya pendekezo hilo zilikuwa tatu: CAD4TB kutoka Uholanzi, qXR kutoka India na Lunit INSIGHT CXR kutoka Korea Kusini. Tangu wakati huo zimeongezeka nyingine, na vituo vya afya katika nchi kadhaa za Afrika vinazitumia.

Picha yenyewe ni ya zamani. Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale ya eksirei Novemba 1895 mjini Würzburg, Ujerumani, miaka 13 baada ya Robert Koch kutangaza mjini Berlin kwamba amekipata kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Miale hiyo hupenya hewa kwa urahisi na kuzuiwa na mifupa. Kwa hiyo mapafu yaliyojaa hewa hutoka meusi, mbavu na uti wa mgongo hutoka vyeupe, na moyo hukaa katikati ukielekea kushoto. Chochote kinachochukua nafasi ya hewa, kiwe usaha, maji, damu, uvimbe au kovu, huacha weupe mahali palipotakiwa kuwa peusi. Kifua kikuu cha mtu mzima hupendelea sehemu ya juu ya mapafu, chini kidogo ya mtulinga. Huko huacha mawingu meupe na, ugonjwa ukikomaa, mapango yenye ukuta mweupe na weusi ndani. Nimonia mara nyingi hujaza eneo moja la pafu kwa weupe mzito. Saratani huweza kuanza kama kinundu kisichozidi punje ya maharage.

Ugumu wa kusoma picha hii ni kwamba kifua kizima, mbele na nyuma, kimebanwa kuwa picha bapa. Mbavu hupita juu ya mapafu, mshipa wa damu uliopigwa picha kwa ncha hufanana na kinundu, na sehemu ya pafu hujificha nyuma ya moyo. Madaktari wawili wazoefu wakipewa picha ile ile huweza kutofautiana, na daktari mmoja akirudishiwa picha aliyoisoma mwezi uliopita huweza kusema jambo jingine. Katika vituo vingi vya afya vya Afrika Mashariki mjadala wa aina hiyo ni anasa. Mabingwa wa radiolojia ni wachache na walio wengi wako katika hospitali za rufaa za miji mikubwa. Picha hupigwa, hutiwa ndani ya bahasha, na mgonjwa huambiwa arudi siku msomaji atakapopatikana.

Wakati huo ugonjwa hausubiri. Kwa makadirio ya WHO, watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu mwaka 2023 na milioni 1.25 walikufa kwa ugonjwa huo, lakini waliogunduliwa na kuandikishwa mwaka huo walikuwa milioni 8.2. Katika pengo hilo la zaidi ya watu milioni mbili na nusu wamo wengi wanaoishi na ugonjwa nyumbani, kazini na ndani ya daladala na matatu, bila dawa na bila kujua. Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zilikuwamo katika orodha ya WHO ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Kenya, uliotoa matokeo yake baada ya mwaka 2016, ulikadiria wagonjwa 558 kwa kila watu wazima 100,000, idadi iliyozidi sana ile iliyokuwa ikitegemewa.

Tafiti kama hizo katika nchi za Afrika na Asia zilifichua jambo ambalo limebadilisha namna ya kuwatafuta wagonjwa. Kwa wastani, takriban nusu ya waliokutwa na vijidudu kwenye makohozi hawakuwa wameripoti dalili zozote. Mhudumu aliyeuliza kuhusu kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito angewaruhusu waende zao. Picha ya kifua iliwanasa. Tatizo likabaki la nani atazisoma picha hizo zote.

Ingekuwa rahisi kusema kila mtu apimwe makohozi. Mashine ya GeneXpert, ambayo WHO iliiidhinisha Desemba 2010, hutambua vinasaba vya kijidudu na hutoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili. Lakini katriji moja hugharimu takriban dola 8 hata kwa bei iliyopunguzwa kwa nchi maskini, mashine iliyozoeleka hupima makohozi ya watu wanne kwa pamoja, na wapo watu wasioweza kutoa makohozi yanayofaa. Kinachohitajika ni chekeche la bei nafuu la kutangulia kipimo hicho, na hapo ndipo programu za kusoma picha zilipopata nafasi yao.

Wazo la kuikabidhi kompyuta picha ya kifua halikuanza jana. Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Gwilym Lodwick, alichapisha pamoja na wenzake njia ya kugeuza sifa za picha za saratani ya mapafu kuwa tarakimu ambazo kompyuta ingeweza kuzikokotoa. Kwa miongo mingi baada ya hapo wataalamu waliandika kanuni kwa mkono: tafuta duara, pima ung'avu wake, linganisha pafu la kulia na la kushoto. Kanuni hizo zilishindwa na utofauti wa miili ya watu. Mageuzi yalikuja na mitandao ya neva bandia yenye tabaka nyingi, ambayo mwaka 2012 ilishinda kwa mbali mashindano ya kutambua vitu katika picha za kawaida. Mitandao hiyo haipewi kanuni. Hupewa mifano na majibu yake, nayo hujitafutia njia.

Kwa kompyuta, picha ya kifua ni jedwali la namba. Kila nukta ina thamani ya ung'avu wake, na picha ya kidijitali ya hospitali huweza kuwa na nukta milioni kadhaa. Hatua ya kwanza ya mtandao ni kupitisha kichujio kidogo, tuseme cha nukta tatu kwa tatu, juu ya jedwali lote, kituo kwa kituo. Tuchukue kichujio ambacho safu yake ya kushoto ina -1, ya katikati 0 na ya kulia 1. Kikifika mahali ambapo pafu linakutana na ubavu, safu ya kushoto ya picha ikiwa na 60, 62 na 61, na ya kulia 180, 184 na 182, hesabu yake ni 546 kutoa 183, yaani 363. Kikifika katikati ya pafu, ambako kushoto kuna 60, 62 na 61 na kulia 63, 60 na 62, jibu ni 2. Bila kujua ubavu ni nini, kichujio kimepiga kelele ukingoni na kunyamaza mahali palipo sawasawa.

Mtandao una mamia ya vichujio vya namna hiyo katika tabaka moja, na tabaka la pili hufanya hesabu zake juu ya majibu ya la kwanza. Kingo huungana kuwa mikunjo, mikunjo huwa maumbo, na katika tabaka za mwisho kuna sehemu zinazoitikia ukuta wa pango au ukungu wa maji yaliyojikusanya chini ya pafu. Namba zilizomo ndani ya vichujio hazipangwi na mtu. Mwanzoni hujazwa kwa bahati nasibu. Mtandao huonyeshwa picha, hukisia, hulinganishwa na jibu sahihi, kisha kila namba husogezwa kidogo kuelekea upande unaopunguza kosa. Zoezi hilo hurudiwa mamilioni ya mara.

Kwa hiyo chakula cha programu hizi ni picha nyingi zenye majibu. Mwaka 2017 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitoa hadharani picha 112,120 za kifua kutoka kwa wagonjwa zaidi ya 30,000, zikiwa na alama za kasoro 14 tofauti. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakatangaza mtandao wenye tabaka 121, uliofunzwa kwa picha hizo, na kudai kwamba uliwazidi mabingwa wa radiolojia katika kutambua nimonia. Dai hilo lilizua ubishi, na wabishi walikuwa na hoja. Alama za picha hizo hazikuwekwa na daktari aliyeitazama kila picha. Zilichopolewa kwa kompyuta kutoka kwenye ripoti zilizoandikwa. Ripoti hazikuandikwa kwa ajili ya kufundishia mashine. Daktari akiandika kwamba hali ya mgonjwa haijabadilika tangu juzi, mtu anaelewa, lakini programu ya kuchambua maandishi haipati jina la ugonjwa humo. Mwanafunzi aliyesahihishiwa kwa majibu yenye makosa hubeba makosa hayo hadi kwenye mtihani.

Programu za kifua kikuu zina bahati zaidi katika hili, kwa sababu jibu lake linaweza kutoka maabara. Picha ikishapigwa, makohozi ya mtu huyo huyo hupimwa, na kijidudu kikionekana hakuna ubishi. Hii ndiyo sababu mojawapo iliyofanya kifua kikuu kitangulie maradhi mengine ya mapafu katika matumizi ya akili mnemba vituoni.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka Dhaka, Bangladesh. Watafiti walichukua picha za watu 23,954 waliofika katika vituo vitatu vya mji huo kati ya mwaka 2014 na 2016, ambao wote walikuwa wamepimwa pia kwa GeneXpert, na wakazipitisha katika programu tano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba zote tano ziliwazidi wataalamu watatu wa radiolojia waliosoma picha hizo hizo, na kwamba idadi ya vipimo vya makohozi ingeweza kupunguzwa kwa nusu huku wagonjwa 9 kati ya 10 wakiendelea kupatikana. Afrika nayo imehusika tangu mapema. CAD4TB ilijaribiwa Lusaka, Zambia, na matokeo ya kuipima kwa picha za wagonjwa wa Tanzania yalichapishwa mwaka 2014, miaka saba kabla ya pendekezo la WHO.

Pamoja na hayo, namba inayotolewa na programu haina maana mpaka mtu aamue kizingiti: kuanzia alama ngapi mgonjwa apelekwe kupimwa makohozi. Kizingiti kikishushwa, wagonjwa wachache hupotea lakini wazima wengi husumbuliwa na katriji huisha. Kikipandishwa, katriji hupona na wagonjwa hupotea. Mwaka 2014 WHO iliweka lengo kwamba kipimo cha kuchuja kinase angalau asilimia 90 ya wagonjwa na kiwaachie angalau asilimia 70 ya wasio wagonjwa. Inafaa kulipigia hesabu lengo hilo, kwa sababu asilimia peke yake hudanganya.

Tuseme watu 1,000 wenye kikohozi wamefika kliniki, na 50 kati yao wana kifua kikuu. Programu yenye kiwango hicho itawanasa 45 na kuwaacha 5. Kati ya 950 wasio nacho, 665 wataruhusiwa na 285 watahesabiwa kimakosa. Watakaopimwa makohozi ni 330 badala ya 1,000, na mmoja katika kila saba au wanane wao atakutwa na ugonjwa. Hiyo ni biashara nzuri. Sasa gari la uchunguzi liende kijijini kuwapima wote wanaojitokeza, wenye kikohozi na wasio nacho: watu 2,000, wagonjwa 10. Programu ile ile, kwa kizingiti kile kile, itawanasa 9 na kuwaita kimakosa 597. Itabidi watu 606 watoe makohozi ili wapatikane tisa. Programu haijaharibika, watu inaowapima ndio waliobadilika. Ndiyo maana WHO hutaka kila nchi, na ikibidi kila mradi, ujipimie kizingiti chake kwa watu wake kabla ya kuanza kazi. Namba iliyowekwa na kampuni kiwandani isichukuliwe kama ilivyo. Kazi hiyo hurudiwa toleo jipya la programu linapoingia, kwa kuwa alama 50 ya toleo la mwaka jana si lazima iwe na maana ya alama 50 ya toleo la sasa. Katika mambo yote ya teknolojia hii, pengine hili ndilo linalofanywa kwa uvivu zaidi.

Kuna makosa ambayo kizingiti hakiwezi kuyatibu. Mtandao hujifunza chochote kinachoendana na jibu, hata kama hakina uhusiano na pafu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulichunguza mtandao uliofunzwa kutambua nimonia kwa picha kutoka hospitali tofauti. Ukakutwa una uwezo wa kutambua picha imetoka hospitali gani karibu bila kukosea hata mara moja. Katika hospitali moja wagonjwa wa nimonia walikuwa sehemu kubwa ya waliopigwa picha. Katika nyingine walikuwa wachache mno. Kulijua jina la hospitali kulitosha kuongeza alama. Kile kipande cha chuma ambacho mpiga picha hukiweka pembeni kuonyesha upande wa kulia au wa kushoto kilikuwa mojawapo ya vitu vilivyousaidia mtandao kukisia. Mtandao huo ulipopelekwa hospitali ambayo haukuwahi kuiona, ubora wake ulishuka. Katika mkusanyiko wa picha 112,120 uliotajwa juu, wagonjwa wengi waliowekewa alama ya hewa iliyovuja nje ya pafu walikuwa tayari wameingizwa mpira wa kuitoa. Mtandao unaojifunza kuutambua mpira hupata alama nzuri kwenye majaribio, na haumfai mtu ambaye ndiyo kwanza anafika mapokezi akihema.

Janga la UVIKO-19 liliyaweka makosa haya hadharani. Mwaka 2020 makala za programu za kutambua ugonjwa huo kwa picha zilimiminika. Timu iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge ilizipitia zilizochapishwa hadi Oktoba mwaka huo, ikabakiza 62 zilizofikia kiwango cha kuchambuliwa kwa kina, na katika hizo haikupata hata moja iliyofaa kutumika hospitalini. Baadhi zilifunzwa kwa picha za wagonjwa watu wazima kwa upande mmoja na picha za watoto wadogo kwa upande mwingine. Mtandao wa aina hiyo hujifunza kumtofautisha mtoto na mtu mzima, kazi ambayo haihitaji kompyuta.

Jambo jingine lilichunguzwa na kundi la watafiti akiwamo Judy Wawira Gichoya, daktari wa radiolojia mzaliwa wa Kenya anayefundisha katika Chuo Kikuu cha Emory, Marekani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022 walionyesha kwamba mitandao hutambua asili ya mgonjwa, kama ni mtu mweusi au mweupe, kutoka kwenye picha ya eksirei, hata picha ikififishwa kiasi kwamba mabingwa hawaoni lolote la maana ndani yake. Mtandao unaoijua asili ya mgonjwa unaweza pia kurithi upungufu wa huduma uliomo katika kumbukumbu za hospitali, na aliyekuwa akigunduliwa kwa kuchelewa akaendelea kucheleweshwa. Kwa hiyo kuuliza programu ilifunzwa kwa picha za nani ni sehemu ya kuinunua.

Makovu nayo hulisumbua jicho la mashine. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu na kupona hubaki na alama kwenye mapafu, na programu humpa namba kubwa ingawa hana kijidudu. Utafiti wa Dhaka uliona ubora ukishuka kwa watu kama hao na kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Kwa wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani, vumbi la mwamba lenye silika huacha vinundu vingi vidogo kwenye mapafu, ugonjwa uitwao silikosisi, ambao hukifungulia mlango kifua kikuu na pia hufanana nacho kwenye picha. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1926, hupokea wagonjwa wa namna hii. Kinyume chake ni mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka sana: mwili wake hauna nguvu ya kujenga mapango, na picha yake huweza kutoka safi huku ugonjwa ukiwemo. Hapo namba ndogo isiwafanye wahudumu waache kupima makohozi au mkojo. Watoto wadogo walikuwa nje ya pendekezo la 2021, kwa kuwa kifua kikuu chao hukaa zaidi kwenye tezi za katikati ya kifua na programu nyingi hazikufunzwa kwa picha zao.

Vifaa vya kazi hii vimepungua ukubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ipo mashine ya eksirei ya kubebwa mkononi yenye uzito wa kilo 3.5, inayotumia betri. Huambatana na bamba la kupokea picha, stendi na kompyuta mpakato, na vyote huingia kwenye mabegi mawili matatu. Baadhi ya programu hufanya kazi ndani ya kompyuta hiyo bila intaneti, nyingine hupeleka picha kwenye kompyuta za mbali na kusubiri jibu. Mionzi ya picha moja ya kifua ni kidogo, sawa na ile ambayo mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa siku chache. Hata hivyo mashine ni mashine ya mionzi: nchini Tanzania haiwezi kutumika bila leseni ya Tume ya Nguvu za Atomu, na anayeishika awe amefunzwa.

Picha mbaya huharibu kila kinachofuata. Mkufu, hirizi, vifungo vya chuma na vidani huvuliwa. Nywele ndefu zilizosukwa hufungwa juu ya kichwa, kwa sababu msuko ulioangukia begani hutupa kivuli kwenye ncha ya pafu, mahali pale pale kifua kikuu kinapopenda kukaa. Mabega husogezwa mbele ili mifupa yake iondoke juu ya mapafu. Mtu huambiwa avute pumzi yote na aizuie. Asipoijaza, sehemu ya chini ya mapafu hujikunja na kuonekana kama ina ugonjwa. Msomaji mwenye uzoefu huyatambua haya na kuomba picha irudiwe. Programu nzuri hukataa picha isiyofaa. Programu dhaifu huipa alama kama nyingine yoyote.

Kwa saratani ya mapafu uwanja ni mwingine. Kipimo chake ni CT skani, inayokata kifua katika mamia ya picha nyembamba na kuondoa ule msongamano wa mbavu na moyo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wavutaji sigara wa sasa na wa zamani zaidi ya 53,000 ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuwachunguza kila mwaka kwa CT skani yenye mionzi midogo kulipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20, ukilinganisha na picha ya kawaida. Lakini vinundu hupatikana kwa watu wengi na vilivyo vingi havina madhara. Mwaka 2019 watafiti wa Google walitoa programu iliyokadiria hatari ya kinundu kwa kukitazama pamoja na sehemu nyingine ya pafu na, pale zilipokuwepo, picha za mwaka uliotangulia. Picha za zamani zilipokosekana iliwazidi mabingwa sita iliyolinganishwa nao. Zilipokuwepo ikalingana nao. Kwa Afrika Mashariki faida hiyo bado iko mbali, maana mashine za CT ziko katika hospitali chache na mpango wa kuwachunguza wavutaji kila mwaka haupo. Programu za eksirei zinazotaja kinundu kilichoonekana kwa bahati, wakati mtu amekuja kwa jambo jingine, zina nafasi kubwa zaidi ya kuwafaa watu wa huku.

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa mitandao hii na baadaye mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2024, alisema vyuo viache kufundisha madaktari wa radiolojia kwa kuwa baada ya miaka mitano, au kumi, mashine zingewazidi. Ile miaka mitano imeshapita na mabingwa wanatafutwa kuliko zamani. Kusoma picha ni sehemu tu ya kazi yao, na programu inayojua kifua kikuu haijui lolote kuhusu ubavu uliovunjika au moyo uliopanuka isipofunzwa hayo.

Kisheria programu hizi huhesabiwa kuwa vifaa tiba. Tanzania huziweka chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Kenya chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Picha zenyewe ni taarifa binafsi za afya, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022. Picha inayotumwa kwenye kompyuta ya kampuni iliyo nchi nyingine imevuka mpaka ikiwa na taarifa za mgonjwa, na mkataba unapaswa kusema kama kampuni inaruhusiwa kuitumia kuboresha bidhaa yake, ambayo baadaye itaiuzia nchi ile ile. Kituo kinachotumia programu iliyomo ndani ya kompyuta yake hukwepa sehemu kubwa ya suala hilo, ila hulazimika kuwa na mtu wa kuitunza kompyuta, kuweka matoleo mapya na kupima upya kizingiti kila toleo linapobadilika.